Mtumba uliopita Kilosa: habari za pazia la chumbani kwangu

Haya jamani, nimerudi. Nimekuwa kimya wiki sita nzima, na wale waliokuwa wanasema nimedisko poleni sana, mtasubiri. Nilikuwa Kilosa kwenye mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoiita wenyewe, nikifundisha Historia na Kiswahili. Mambo ni mengi, kuna wanafunzi warefu kuliko mimi, kuna siku msimamizi wa chuo alikuja nimesahau andalio la somo nyumbani. Hayo nitayasema siku nyingine. Leo nazungumzia pazia. Ndiyo, pazia la dirisha la chumba cha kulala. Mwenzangu wa chumba hapa hosteli amechungulia kichwa cha habari akacheka, eti miaka mitatu ya Historia ndiyo imenifikisha kwenye mapazia. Nimemwambia asome mpaka chini ndipo acheke.

Chumba nilichopanga Kilosa kilikuwa kimoja, kwenye nyumba ya bibi mmoja mtu mzima, korido katikati na vyumba huku na huku. Kina dirisha moja linalotazama njia, na njia yenyewe ndiyo ya kwenda sokoni. Dirisha lina nondo, lina wavu uliotoboka pembe moja, pazia halina. Mpangaji aliyehama aliondoka nalo pamoja na springi na misumari yake miwili, hakuacha hata tundu la kuanzia. Ilipofika saa kumi na mbili jioni giza likaanza kuingia nikaelewa tatizo: nikiwasha taa, mimi ndiye televisheni ya mtaa. Nisipowasha, nakaa gizani na madaftari ya kusahihisha.

Bumu lilikuwa halijaingia. Nikafanya kile ambacho kila msichana wa Kitanzania angefanya, nikatoa kanga kwenye begi, nikafunga kamba ya katani kwenye nondo huku na huku, nikaitundika. Nikalala kwa amani.

Asubuhi natoka kwenda kazini, nikamkuta bibi mwenye nyumba amesimama njiani analitazama dirisha langu. Shikamoo bibi. Akaitika, "Marahaba. Mwalimu, hilo dirisha lako linamsema nani?"

Jamani. Ile kanga ni ya doti aliyoninunulia mama, na jina lake ni la kumpasha jirani mwenye kijicho. Mimi niliitundika usiku, upande mzuri nje, maneno yakawa yanatazama barabarani kama tangazo. Na nyumba ya mbele yetu anakaa mama mmoja ambaye, kumbe, aligombana vibaya na yule mpangaji aliyehama. Mtaa mzima ukadhani vita imeanza upya na safari hii jeshi limeletwa kutoka chuo kikuu. Ilibidi bibi anishike mkono twende kumsalimia yule mama na kueleza kwamba mtoto ni mgeni, hajui. Akacheka, yakaisha. Nikaigeuza kanga, lakini si mnajua kanga nyepesi, maneno yanatokea pande zote mbili. Watoto wa shule ya msingi wakawa wanasimama asubuhi kuyasoma kinyumenyume kwa sauti.

Bibi ndiye aliyenipa wazo la kuandika haya. Jioni hiyo tumekaa barazani nikamuuliza zamani wao walitumia pazia gani. Akanitazama kama nimeuliza zamani walitumia friji gani. "Pazia la wapi? Kwetu milimani nyumba ya babu yangu haikuwa na dirisha."

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Sisi tunachagua rangi na mikunjo tu, lakini ili kuwe na pazia la dirisha chumbani lazima kwanza vitu viwili viwepo: dirisha lenyewe, na nguo ambayo mwenye nyumba anaweza kumudu kuiacha ining'inie bila kumvalisha mtu. Kilosa vyote viwili vimekuja kwa njia ndefu, na vimekuja kwa nyakati tofauti.

Tuanze na dirisha. Wenyeji wa milima ya huko, Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, walijenga sana nyumba za msonge: duara, kuta za miti na udongo, paa la nyasi linaloshuka chini. Ukielekea Gairo na Mpwapwa kwenye ukame unakutana na tembe lenye paa bapa la udongo. Zote mbili tundu la maana ni mlango. Ndani kuna moto, nje kuna baridi ya milimani na fisi, sasa dirisha la nini? Moshi ulijitafutia njia kwenye nyasi. Nguo ya kuziba haikuhitajika kwa sababu hapakuwa na cha kuziba.

Pwani ndiko pazia lilikokuwa na heshima yake, na hata huko halikuanzia dirishani. Katika nyumba za zamani za mawe za Lamu, vyumba ni virefu na vyembamba, vimefuatana kutoka uani kwenda ndani, na kadiri unavyoingia ndivyo mambo yanavyokuwa ya siri zaidi. Mwisho wa chumba ndipo penye kitanda, na kitanda kilifichwa kwa nguo iliyotundikwa kwenye mti uliopita chini ya dari. Kazi ya pazia ilikuwa stara, kuamua nani aone mpaka wapi. Ndiyo maana mpaka leo ukiingia nyumba yoyote ya korido, Kilosa au Buguruni, unakuta pazia kwenye mlango wa chumba hata kama mlango wenyewe upo na una kitasa. Mlango unaachwa wazi mchana ili hewa ipite, na pazia ndilo linalosema "hodi kwanza."

Sasa nguo. Hapa ndipo Kilosa inapoingia kwenye historia kubwa, na mimi nilikuwa sijui kabisa.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita pande hizi, kwenye bonde la mto Mkondoa. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Stanley alipita 1871 akimtafuta Livingstone, akakuta tambarare ya Mkata imejaa maji ya masika, akateseka kwelikweli. (Tambarare hiyohiyo inaendelea mpaka ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ile unayopita kwenye basi kila mtu amekaza macho dirishani kutafuta twiga.) Mizigo yao mikubwa ilikuwa nguo. Kulikuwa na merikani, ile nguo nyeupe ngumu kutoka viwanda vya Massachusetts, ikiletwa na wafanyabiashara wa Salem baada ya Marekani kufunga mkataba wa biashara na Sultani Said bin Sultan mwaka 1833. Kulikuwa na kaniki ya bluu iliyokoza kutoka India. Na kila furushi la nguo lililofungwa kwa ajili ya bega la mpagazi, zito kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, jina lake lilikuwa mtumba.

Nilipoliona neno hilo nilisimama kusoma. Mtumba! Sisi tunadhani ni neno la Karume na Memorial, kumbe mtumba ulipita Kilosa begani kwa mpagazi miaka mia moja na hamsini iliyopita.

Na nguo ile haikuwa nguo tu, ilikuwa hela. Chakula cha msafara kilinunuliwa kwa nguo. Watemi waliotoza msafara ili upite katika nchi yao walipewa nguo, na malipo hayo yaliitwa hongo. Neno hongo tunalo bado, kazi yake ndiyo imebadilika, au labda haijabadilika, nawaachia nyie. Vipimo vilikuwa vya mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti, na doti ilikuwa yadi nne.

Hili nilililetea darasani. Nilikuwa nafundisha kidato cha tatu uchumi wa kikoloni, darasa limechoka, jua la saa nane linawaka. Nikatoa kanga zangu mbili za doti moja, ile maarufu na pacha wake, nikawaambia zipimeni kwa mikono. Wakapima, wakabishana mkono wa nani utumike, wavulana wakataka wa kwao kwa sababu ni mrefu. Doti nzima haikufika mikono saba. Tukachukua futikamba: mita tatu, wakati yadi nne za zamani ni kama mita tatu na sentimita sitini na sita. Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Madam, kwa hiyo tumepunjwa?" Darasa likaamka.

Sasa niambie, katika nchi ambayo doti moja ni malipo, nani atatundika nguo dirishani hata kama dirisha analo? Ni sawa na leo uchukue noti za elfu kumi uzishone ziwe pazia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata merikani, nguo za Uingereza na India zikaingia nafasi yake. Mpagazi wa Kilosa hakuwa na habari ya vita hivyo, aliona tu mtumba umebadilika. Baadaye, kuanzia miaka ya 1870 na kuendelea, kanga ikashika Zanzibar na Mombasa ikasambaa bara, nayo ikarithi jina la doti.

Halafu ikaja 1884. Kila aliyesoma Historia sekondari anamjua Mangungo wa Msovero aliyewekeana mkataba na Karl Peters, mkataba wa "urafiki wa milele" uliogeuka kuwa wa kuuza nchi. Tunaandika kwenye mtihani, tunapata maksi, tunasahau. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba Msovero ni mahali, kwamba ndiyo Msowero ya Kilosa, kuna watu, kuna mashamba ya mpunga na mahindi, na darasani kwangu kulikuwa na mtoto anayetoka hukohuko. Akaniuliza, "Madam, walimpa nini?" Nguo na zawadi ndogondogo, nikamjibu, maana hivyo ndivyo msafara wa Peters ulivyotembea. Akatingisha kichwa polepole kama mzee. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda "mali" za Peters, na Usagara ikiwemo.

Wajerumani ndio walioleta Kilosa kitu cha tatu, ambacho mimi naona ndicho kiini cha habari hii: pamba yenyewe kama zao la shamba kubwa. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vinategemea pamba ya Marekani na vilitaka kujinasua. Watu wa kusini walilazimishwa kulima, na Julai 1905 kule Nandete, Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, Majimaji ikaanza, moto wake ukafika mpaka pande za Kilosa. Damu haijakauka, mwaka 1907 familia ya Otto, wenye viwanda vya nguo huko Württemberg, wakafungua shamba kubwa la pamba Kilosa. Mwaka huohuo reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Morogoro, na 1914 ikafika Kigoma. Yaani nyuzi zivunwe Kilosa, zifungwe marobota, zipande treni, zipande meli, zikafumwe Ulaya.

Waingereza walipochukua nchi waliendelea. Miaka ya 1940 kikaanzishwa kituo cha utafiti wa pamba Ilonga, hapo hapo nje ya mji, leo ni TARI Ilonga. Mbegu za pamba za kanda ya mashariki zinazoanza na herufi IL, kama IL74 na IL85, IL yake ni Ilonga. Chuo cha Ualimu Ilonga wengi mnakijua, ila nani kati yetu aliyekuwa anajua kwamba jirani yake palikuwa panazalishwa mbegu za nguo zetu? Kilosa ilitoa shamba, ikatoa mikono, ikatoa mpaka mbegu. Nguo ilifumwa kwingine.

Reli ndiyo pia iliyoleta dirisha. Stesheni, nyumba za wafanyakazi wa reli, maduka ya Wahindi na Waarabu, boma: kuta zilizonyooka, paa la bati, na madirisha makubwa. Bati bila dirisha ni tanuri. Tena mwaka 1897 Ronald Ross alikuwa ameonyesha kule India kwamba mbu ndiye anayebeba malaria, na mwaka huohuo Robert Koch akafika Dar es Salaam kuchunguza homa hizo, kwa hiyo nyumba za wakubwa zikaanza kuwekewa wavu. Nyumba ya udongo ya pembe nne yenye korido katikati, ile ya watu wa pwani, nayo ikasambaa kufuata reli, ikiwa na vidirisha vidogo vya mbao. Unafunga mbao usiku, unafungua asubuhi. Kioo hakuna, kwa hiyo pazia si la lazima.

Upande wa mkonge mambo yalikuwa mengine. Kimamba, Rudewa na kwingineko manamba walikuja kutoka mbali, wakakaa kambini, chumba kimoja familia nzima. Hapo nguo ilitundikwa katikati ya chumba, kitanda cha baba na mama upande huu, watoto upande ule. Bibi yangu wa kupanga amelala kwenye chumba cha hivyo. Anasema kamba ilikuwa ya katani, maana katani haikununuliwa, ilikuwa imejaa kila mahali. Nikaangalia dirisha langu na kamba yangu, sikusema kitu.

Baada ya Uhuru ndipo bibi alipopata pazia lake la kwanza la dirisha. Marehemu mzee wake alikuwa anafanya kazi reli, wakahamia nyumba yenye madirisha ya vioo. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilikuwa kimefunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa Wachina, kinafuma na kuchapa kanga na vitenge, na mtu wa kawaida wa Kilosa aliweza kununua kitambaa kilichotengenezwa nchini kwake, kwa pamba ya nchi yake, akakitundika bila kuona anafuja. Bibi alinunua kitenge cha maua mekundu. Anaonyesha kwa mikono ukubwa wa maua. Anasema jirani walikuja kukiangalia.

Wale mlio na wazazi wa umri huo mnajua kilichofuata. Vita vya Kagera 1978 hadi 1979, mafuta bei juu, fedha za kigeni hakuna, viwanda havina vipuri. Miaka ya mwanzo ya 1980 nguo zikapotea madukani. Sabuni hakuna, nguo hakuna, kanga inapatikana kwa foleni au kwa kujuana. Mwaka 1983 serikali ikaanza msako wa wahujumu uchumi. Tunayasoma haya katika mada ya "matatizo ya uchumi baada ya uhuru", hoja ya tatu au ya nne, mstari mmoja.

Bibi alisema: "Nilishusha pazia langu nikamshonea mama yako mdogo gauni." (Binti yake ndiye anamwita mama yangu mdogo, nimeshakuwa mjukuu.) "La pili nikakata mashati ya wavulana. Dirisha nikabandika gazeti."

Mimi sikuwa na la kuuliza. Nilikuwa nimebeba daftari, nikaliweka chini.

Bajeti ya 1984 ndiyo iliyofungua mlango, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuagiza bidhaa bila maswali mengi, na mitumba ikaingia kwa wingi. Jina la mpagazi likarudi sokoni. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue, Marekani ikatishia kuzitoa kwenye mpango wa AGOA wa kuuza nguo kwake bila ushuru, na nchi zikalegea moja baada ya nyingine isipokuwa Rwanda, ambayo nguo zake zilisimamishwa kwenye mpango huo 2018. Marekani ileile ya merikani. Sina neno la kuongeza. Viwanda vya ndani havijafa vyote, Morogoro mjini kile kilichokuwa Polytex bado kinafanya kazi kwa jina jingine, lakini sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania inaondoka kwa marobota kwenda nje, na sokoni Kilosa mapazia yanashuka kwenye marobota kutoka nje.

Bumu lilipoingia nikaanza kutafuta pazia kweli. Jumamosi moja nikapanda kosta mpaka Mikumi, kwanza kutembea, pili niliambiwa pale kuna nguo za kila aina kwa sababu ya barabara kuu. Mikumi bwana ni mji wa malori. Hifadhi ilianzishwa 1964, barabara ya kwenda Zambia ikapita katikati yake, na mji ukaota pembeni, hoteli na gesti na nyama choma. Nikaingia gesti moja kumsalimia rafiki aliyekuwa anapita kwenda Iringa, nikajikuta natazama mapazia badala ya kumsikiliza. Yalikuwa mazito, rangi ya kahawia iliyokoza, mafupi, yameishia kiganja kimoja juu ya sakafu. Nikamuuliza mhudumu dada mbona meusi hivi. Akajibu kama anayejibu mtihani wa mdomo: dereva wa lori analala mchana, anataka giza. Usiku taa za magari zinapiga ukutani kila dakika. Vumbi la barabarani kwenye nyeupe unafua kila wiki, kwenye kahawia unafua mwisho wa mwezi. Na ufupi ni kwa ajili ya kupiga deki. Kila kitu kina sababu yake. Mimi nilikuwa nadhani wamekosa ladha!

Kwa hiyo niliporudi Kilosa nilijiuliza maswali ya yule dada. Mimi silali mchana. Dirisha langu linatazama magharibi, jioni jua linaingia lote mpaka kitandani. Kilosa ni joto, nikiziba dirisha kwa kitambaa kizito nitaiva. Nataka hewa, na sitaki kuonekana. Zile za polista zinazong'aa, za madukani, ni nzuri kwa macho, ila upepo hazipitishi, zinakaa kama turubai. Neti nyeupe peke yake mchana inakuficha vizuri, usiku ukiwasha taa inakutoa nje kama ilivyo. Nikaamua pamba, rangi ya kati, nyepesi, na nisiitundike juu kabisa, niiache sehemu ya juu ya dirisha wazi kiganja na nusu hewa ipite, mtu wa njiani haoni huko mpaka apande ngazi. Kuhusu mbu nilishona ile pembe ya wavu iliyotoboka, kazi ya mbu ni ya wavu na chandarua, pazia tusilitwike mzigo usio wake.

Sokoni nikampata kijana ana mapazia ya mtumba yamemwagwa kwenye turubai. Nikachambua mpaka mgongo ukauma. Nikapata moja la kijani kama majani makavu, lebo inasema pamba asilimia mia, bado lina vindoano vyake vya plastiki juu. Refu ajabu. Limeshonwa kwa dirisha la mtu mwingine kabisa, dirisha linaloanzia darini na kuishia sakafuni, huko lilikotoka. Kijana akataka elfu kumi na mbili, tukamaliza kwa nane.

Kwa wanaouliza vipimo: fundi cherehani aliniambia upana wa kitambaa uwe kama mara mbili ya upana wa dirisha, ukipungua halina mikunjo linaonekana kama shuka lililoanikwa. Urefu acha lishuke kiganja chini ya kizingiti cha dirisha. Upindo wa juu uwe wa kupitisha springi bila kubana. Pamba ifuliwe kwanza ndipo ikatwe, inaruka. Nililoweka usiku mzima, maji yakatoka ya kijivu.

Fundi akakata, likapatikana pazia la dirisha langu na kipande kikubwa kikabaki, kinatosha kabisa mlango wa chumba cha bibi, au hata dirisha lake la uani ambalo mpaka leo lina mbao tupu. Nikampelekea jioni, siku mbili kabla ya kurudi chuoni. Akakipokea kwa mikono miwili, akakivuta huku na huku kuangalia nguvu yake, akakinusa, akauliza ni pamba? Nikasema ni pamba bibi.

Akakikunja mara nne, akafungua kabati, akakiweka chini ya nguo nyingine.

"Hutundiki, bibi?"

"Kikae kwanza," akasema.